Mwaka Kupe Walipopanda Kilimani

Habari za kifo cha Mzee Laurenti zililetwa dukani kwangu Rubwera na mtu aliyekuja kununua dawa ya minyoo ya mbuzi. Alizisema huku anasoma maandishi ya chupa, kwamba yule mzee wa ng'ombe wa juu, kule Kaisho, amefariki na maziko ni kesho mchana. Nilimfungia dawa, akaondoka, baada ya muda akarudi kunigombeza kwa sababu nilikuwa nimempa dawa ya kuku. Alikuwa na haki. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kaunta, mikono inafanya kazi yake, lakini mimi mwenyewe nilikuwa kwenye sebule moja ya matofali, na mbele yangu sahani ya ndizi na maharage inafuka moshi. Kwa kawaida mimi si mtu wa kulia. Siku ile nilifunga duka mapema na kulia kidogo, kisha nikaenda kutafuta bodaboda wa kunipeleka asubuhi.

Watu wa hapa wananiita Mama Dawa, na wakinitania husema kupe ndio walionisomeshea watoto. Sikatai. Lakini kabla sijaanza kuuza dawa ya kuwaua, kulikuwa na mwaka mmoja ambao nililipwa kuwatafuta tu. Nilikuwa nimetoka chuo cha mifugo, cheti bado kinanukia wino, na Kyerwa ilikuwa bado ni sehemu ya Karagwe. Mambo ya kwetu nayaacha, hayahusiki hapa. Mtafiti mmoja, ambaye sote tulimwita Dokta tu, alikuwa anataka mtu wa kutembea na kitambaa. Alinieleza kwamba kupe wa kahawia, yule anayekaa masikioni mwa ng'ombe na kuleta ugonjwa wa ndigana kali, hapendi baridi. Kwenye kila mteremko kuna mahali anapokomea, na juu ya hapo akidondoka majanini anakufa kabla ya kupata mnyama mwingine. Dokta alikuwa anashuku kwamba mahali hapo panapanda. Kazi yangu ilikuwa kupita mteremko wa Kaisho kuanzia bondeni hadi juu, mwezi baada ya mwezi, nione kupe wamefika wapi.

Njia yenyewe ilikuwa ya kuchekesha. Unachukua kitambaa kizito cheupe, ukubwa wa shuka ya mtoto, unakifunga kwenye fimbo, unakivuta kwa kamba juu ya majani. Kupe mwenye njaa anakaa ncha ya jani akisubiri mnyama, kitambaa kikipita anadhani ni ng'ombe, anang'ang'ania. Unasimama, unageuza kitambaa, unawabandua mmoja mmoja na kuwatia kwenye kichupa cha spiriti. Wanawake waliokuwa wanalima waliniuliza kama kwetu hata porini kunafagiwa. Mzee mmoja jirani alimshauri Mzee Laurenti anitafutie mume haraka kabla ugonjwa haujapanda kichwani. Mzee Laurenti alinisimulia hayo mezani jioni ileile, kwa uso mkavu kabisa, akaongeza kwamba amemjibu mume yupo, ila anaogopa kufagiwa.

Ndiye aliyenipokea, kwa sababu nyumba yake ilikuwa juu kuliko zote. Ilikuwa familia iliyotoka Rwanda zamani, kabla mimi sijazaliwa. Kati yao walisema Kinyarwanda, na majirani Runyambo, na mimi Kiswahili, na ng'ombe walisemeshwa lugha zote. Sebule ilikuwa na viti vyenye vitambaa vya kufumwa, picha ya Moyo Mtakatifu, kalenda ya parokia, na kwenye kona kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna ambacho mgeni alipewa hata kabla hajakaa vizuri. Kulikuwa na chumba kimoja ambacho mtu hakuingia na viatu, cha maziwa. Vibuyu vilikaa humo vimepangwa ukutani, vimefukizwa kwa majani makavu, na ukifungua mlango harufu ile ya moshi na siagi ilikupokea. Mama Devotha, mke wa mzee, alikuwa akiniita humo kila asubuhi, ananimiminia maziwa ya mgando kwenye kikombe, anasubiri nimalize. Sijawahi kulishwa vile tena, na nimeolewa kwenye nyumba yenye chakula.

Nililala chumba kimoja na binti yao, Devotha. Tulilingana umri. Alikuwa mrefu, mtaratibu, mwenye kicheko cha kuchelewa. Ungemwambia kichekesho asubuhi, akacheka saa sita anachambua maharage. Alikuwa amechumbiwa na Gaudensi, kijana wa wafugaji wa bondeni, upande wa kuelekea mto. Alinieleza mambo yake na Gaudensi huku tunakunja nguo au tunamenya ndizi, bila haraka, kama mtu ambaye hana shaka. Mimi wakati huo sikuwa na mtu, na nakiri nilimwonea wivu, ule wivu mdogo unaokufanya uulize maswali zaidi. Alijua jikoni kwa Gaudensi atabadilisha nini. Alijua hata mlango atautaka uangalie wapi.

Sasa ng'ombe. Mzee Laurenti alikuwa na kundi la ng'ombe wa pembe ndefu, wengi wekundu, na alikuwa akimjua kila mmoja pamoja na mama yake na bibi yake. Ukimsifia ndama, alikupa ukoo wake mpaka ukatamani usingesema. Lakini fahari yake kubwa ilikuwa kwamba ng'ombe wake hawakujua kupe. Watu wa bondeni walikuwa wakiogesha, wakitibu, wakizika ndama, yeye aliinua sikio la ng'ombe yeyote mbele ya mgeni, akalikunjua na kusema tazama, ni safi kama hostia. Hata majirani wa chini walikuwa na desturi ya kumpandishia mitamba yao ya thamani awatunzie juu mpaka wazae. Hakuwatoza chochote, wala hakuwakagua wakifika. Kilima kilikuwa kinafanya kazi hiyo. Kupe aliyepanda na ng'ombe alidondoka, akapigwa na baridi, akaisha, na hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu baba yake.

Mvua za masika mwaka ule zilikuwa na joto. Mwezi wa tano niligeuza kitambaa kwenye malisho ya nyuma ya nyumba, nikakuta kupe watatu wa kahawia. Nilidhani nimewabeba mwenyewe kutoka chini, nikafua kitambaa, nikakianika, nikarudi kesho yake kwa njia nyingine. Nikapata zaidi. Nilimwambia Mzee Laurenti jioni ileile, kwa sababu nilikuwa nakula kwake na nisingeweza kumeza. Hakunibishia. Alichukua kichupa, akakiinua dirishani, akakitazama kwa muda mrefu, akasema ndama aliyekufa wiki ile, ambaye sote tulidhani ni kichomi, alikuwa na tezi zimevimba chini ya masikio. Alikuwa ameziona na hakutaka kuzijua. Nilimweleza jambo ambalo lilinitia hofu zaidi: ndama wa bondeni huumwa na kupe angali mdogo, wengine hufa, wanaopona huwa sugu. Ng'ombe wake walikuwa wakubwa na hawajawahi kuumwa. Usafi wao ndio uliokuwa hatari yao. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza sasa tufanye nini.

Josho la kuogeshea ng'ombe lilikuwa bondeni, kwa sababu huko ndiko kupe walikokuwa, na kuwapeleka ng'ombe huko ni kuwapitisha katikati ya majani yenye kupe kwenda na kurudi. Chanjo nilikuwa nimeisoma darasani, sijaiona kwa macho. Tuliazima bomba la mkono, tukanyunyiza dawa, mvua ikaiosha. Basi Mzee Laurenti akafanya alichokijua, ambacho baba yake naye angekifanya. Akawapandisha juu zaidi. Juu ya malisho yale kulikuwa na mgongo wa kilima, mawe na nyasi fupi, upepo usiokoma. Alijenga zizi huko kwa miiba, na akawa anakula chakula chake huko, Devotha akimpelekea kwenye bakuli lililofunikwa kwa jani la mgomba. Nami nilipanda na kitambaa changu. Mwezi wa sita juu kulikuwa safi, na alifurahi hata akanitania kwamba sasa nitakosa mshahara. Juu ya pale hapakuwa na mahali pengine. Nililiona hilo siku ya kwanza, kila mtu aliliona, na hakuna aliyelitaja.

Mwezi wa saba wakaja ng'ombe wa mahari. Watu wa Gaudensi walipanda nao asubuhi wakiimba, wanaume wamevaa makoti, na mshenga wao, mtu wa maneno mengi, aliposimama kwenye lango alisema mgeni njoo mwenyeji apone, watu wakacheka. Walikuwa ng'ombe wazuri. Nilimvuta Mama Devotha pembeni nikamwomba tuwapige dawa kabla hawajaingia zizini, dakika chache tu, bomba lilikuwa tayari. Alinitazama kana kwamba nimeomba bibi harusi apekuliwe. Akaenda kumnong'oneza mumewe hata hivyo, na mzee akanijibu kwa upole, mbele ya wageni, kwa Kinyarwanda ili wasione aibu. Devotha ndiye aliyenitafsiria baadaye. Mzee alikuwa amesema mkwe haogeshwi mlangoni. Ng'ombe wakapita, Devotha akapiga magoti akawasalimu wakweze, pombe ya ndizi ikamwagwa, na mimi nikacheza kama wengine. Ilikuwa siku nzuri. Sitaki kudanganya eti nilikuwa na kiza moyoni, nilicheza hadi viatu vikakatika.

Mvua za vuli zilipoanza, walianza kufa. Wa kwanza alikuwa mtamba mwekundu, alisimama peke yake kichwa chini, tezi zimetoka, anahema kwa kukoroma, na povu jeupe puani. Baada ya huyo sitahesabu. Nilichoma sindano nilizokuwa nazo, nilizoazima, na nyingine nilizopewa bure na watu walionionea huruma, na hazikutosha. Mzee Laurenti aliacha kushuka nyumbani kabisa. Mama Devotha alipika kila siku kiasi kilekile cha chakula na kila siku kikarudi. Chumba cha maziwa kikaanza kunuka moshi mtupu. Nilipitisha kitambaa juu kabisa, kwenye mawe, nikawakuta, na Dokta alipokuja mwisho wa mwezi nilimpeleka nikamwonyesha. Mtandao wa simu ulikuwa unashika hapo juu tu. Nilikuwa nimeinama kwenye majani nikamsikia anampigia mwenzake, sauti imejaa furaha ya kazi, akisema matokeo ni mazuri, mazuri kuliko tulivyotarajia. Hakuwa mtu mbaya. Hatua chache kutoka alipokuwa amesimama, Mzee Laurenti alikuwa anafukia mzoga. Sijui kama alisikia. Nilimchukia Dokta kwa wiki nzima, kisha nikasaini mkataba wa mwezi mwingine.

Waliobaki hai walikuwa ng'ombe wa Gaudensi. Walisimama kwenye zizi lililopungua, wamenona, wanacheua. Kwa mtu aliyesoma hilo halikuwa ajabu, walikuwa wameumwa na kupe wangali ndama na wakapona zamani. Lakini majirani hawakuwa wanasoma, walikuwa wanatazama. Mtu anaoa kwako, ng'ombe wako wote wanakufa, wa kwake hata hawakohoi. Maneno yalipanda kilima haraka kuliko kupe. Siku moja alasiri Mzee Laurenti alishuka, akanawa, akakaa kwenye kiti chake sebuleni, akatuita. Alikuwapo Mama Devotha, Devotha, ndugu wawili wa mzee, na mimi nimekaa karibu na mlango. Akachukua kahawa kikapuni, akaniuliza mimi.

"Jeneroza, mwanangu. Wewe ndiye unayewajua hawa wadudu. Niambie mbele ya hawa. Walikuja na ng'ombe wa Gaudensi, au hawakuja nao?"

Nilimjibu kweli yote niliyokuwa nayo. Nilisema wao pia walikuwa na kupe wao, lakini kupe niliwakuta hapa tangu masika, na ndama wa mwezi wa tano alikufa kabla mkwe hajafika. Nilisema kilima kimepata joto, baridi iliyokuwa inawaua haipo, na hata asingechumbiwa mtu, kupe wangefika. Ndugu mmoja akaguna. Mzee Laurenti alitafuna kahawa yake taratibu.

"Najua," akasema. "Lakini kilima nitamrudishia nani?"

Kesho yake aliwarudisha ng'ombe wa mahari, akiwaswaga mwenyewe mpaka bondeni. Kila mtu alijua maana yake, ng'ombe wakirudi uchumba umekwisha. Gaudensi alipanda siku ya tatu, peke yake, bila mshenga. Alisema shikamoo, akaitikiwa, hakupewa kiti. Akasema ng'ombe amewapokea kwa heshima, lakini anamwomba mzee amwachie Devotha, mahari ataitafuta kwa namna nyingine yoyote. Tulikuwa jikoni, mimi na Devotha, tunasikia kila neno kupitia ukuta. Mzee Laurenti alijibu kwamba yeye sasa ni mtu asiye na ng'ombe, na akimtoa binti kwenda nyumba yenye ng'ombe watu watasema amempeleka akanywe maziwa. Devotha hakulia. Alikuwa anachambua maharage, akaendelea kuchambua, na baadaye niliona alikuwa amechanganya mabovu na mazima akayapika yote pamoja. Tuliyala hivyohivyo.

Mwezi wa kwanza mkataba wangu ulikwisha. Kwenye ramani ya Dokta mstari wa kupe ulikuwa umechorwa upya, umepita juu ya nyumba ile, ukafika kileleni ukakosa pa kwenda. Nilimuaga Mama Devotha kwenye chumba cha maziwa kisichokuwa na maziwa. Devotha alinisindikiza hadi barabarani akabeba begi langu kichwani, tukaagana kwa mikono, na nadhani sote wawili tuliona aibu bila kujua ni ya nini. Tumeishi wilaya moja miaka zaidi ya ishirini tangu hapo. Tumekutana mnadani, tumeulizana afya za wazazi, basi. Nilisikia Gaudensi ameoa. Nilisikia Devotha amebaki kwa wazazi, analima kahawa, mama yake amefariki. Kila mwaka mtu wa kilima kingine anaingia dukani na kupe kwenye kiberiti, ananiuliza ametoka wapi, kwao hawakuwapo. Namuuzia dawa. Nimekuwa hodari wa kueleza, na kila ninapoeleza naisikia sauti yangu mwenyewe pale karibu na mlango, iliyokuwa kweli tupu na isiyomsaidia mtu.

Tulimzika Mzee Laurenti kesho yake mchana, mvua inanyesha, kaburi chini ya migomba nyuma ya nyumba. Watu walikuwa wengi. Gaudensi alikuwapo, mvi tupu, amesimama na watu wa bondeni. Waombolezaji walipoanza kutawanyika Devotha alinishika mkono, akaniongoza mpaka kwenye mlango wa chumba cha maziwa, akavua viatu. Nami nikavua. Vibuyu vilikuwa vimejaa. Akanimiminia kikombe, akasubiri ninywe, vilevile kama mama yake. Nikamuuliza ng'ombe amewapata wapi, kwa sababu nilikuwa nimewaona zizini nilipofika, wa pembe ndefu, na masikioni walikuwa na kupe wawili watatu na afya njema kabisa.

"Bondeni," akasema. "Niliuza kahawa miaka mitatu nikaenda kuwanunua. Kwa Gaudensi. Nilikwenda mwenyewe, mke wake akanipa uji."

Akaniambia ni wajukuu wa walewale wa mahari, kwamba Gaudensi mwenyewe ndiye aliyemchagulia kutoka ukoo ule. Ilikuwa ni miaka sita sasa. Nikamuuliza baba yake alisema nini siku walipofika.

"Baba? Mtu aliyekuwa akikutana na ng'ombe barabarani anauliza mama yake ni nani?" Alicheka kidogo, kile kicheko chake, halafu kikakatika. "Hakuniuliza hata siku moja. Alikunywa maziwa yao asubuhi na jioni, kikombe hiki hiki, akanirudishia, akasema asante mwanangu. Miaka sita, Jeneroza. Na mimi jibu nilikuwa nalo mdomoni."